Watuta na Wangoni: jeshi lililotoka kusini, likapita Ufipa na kandokando ya Ziwa Tanganyika

Swali limetufikia kutoka Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika. Mwanafunzi wa sekondari amesoma kwenye simu habari za Wahunni na mfalme wao Attila, naye anauliza mambo matatu: watu hao walitoka wapi, waliwezaje kuteka nchi nyingi kwa muda mfupi namna ile, na je, huku kwetu jambo la aina hiyo limewahi kutokea?

Tuseme mapema kwamba Wahunni, kwa n mbili, hawana undugu na wahuni wa stendi. Majina yamefanana tu.

Kwa swali la tatu jibu ni ndiyo. Limetokea, tena limepita karibu sana. Wazee wa Ufipa, Ukonongo na Ubende walirithi habari za watu walioitwa Watuta, na vitabuni watu hao wanaitwa Wangoni. Makala hii itakaa zaidi kwao, kwa sababu ya Attila yameandikwa sana na ya kwetu hayajaandikwa vya kutosha. Lakini aliyeuliza kuhusu Wahunni anastahili kujibiwa, kwa hiyo tuanzie huko.

Wahunni kwa ufupi

Walikuwa wafugaji kwenye mbuga kubwa za nyasi kaskazini mwa Bahari ya Kaspi. Mali yao ilikuwa farasi na kondoo. Mtoto alijifunza kupanda farasi akiwa mdogo sana, na mtu mzima aliweza kupiga mshale farasi akiwa mbioni. Karibu na mwaka 370 walivuka mto Volga kuelekea magharibi. Waliwapiga Waalani, kisha wakawapiga Wagothi. Mwaka 376 maelfu ya Wagothi walijazana ukingoni mwa mto Danube, uliokuwa mpaka wa Dola la Roma, wakaomba kuvushwa. Waroma waliwavusha, kisha maofisa wao wakawanyanyasa na kuwauzia chakula kwa bei ya kuumiza. Miaka miwili baadaye wakimbizi hao hao walilivunja jeshi la Roma mahali panapoitwa Adrianople, na mfalme mkuu Valens akafa vitani.

Tunaomba msomaji aushike mfuatano huo, maana utarudi. Aliyempiga Mroma siku ile alikuwa mtu aliyekuwa akimkimbia Mhunni.

Attila alianza kutawala mwaka 434 pamoja na kaka yake Bleda, baadaye akabaki peke yake. Makao yake yalikuwa kwenye tambarare ambayo leo ni nchi ya Hungaria. Waroma wa mashariki walimlipa dhahabu ili asiwashambulie, na kila alipowashambulia bei ilipanda, mpaka ikafika ratili 2,100 kwa mwaka, karibu kilo 680 kwa vipimo vya leo. Mwaka 451 aliingia Gaul, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, akazuiwa. Mwaka 452 aliingia Italia. Mwaka 453 alifariki ghafla usiku wa harusi yake. Wanawe wakagombania urithi, mataifa waliyoyatawala yakaasi, na mwaka 454 Wahunni wakapigwa kwenye vita vya mto Nedao. Dola lililotisha nusu ya Ulaya lilivunjika ndani ya miaka miwili baada ya mwenye nalo kuzikwa.

Sasa tuje kwetu.

Moto ulianzia Natal

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kusini kabisa mwa Afrika, kwenye nchi iliyo kati ya milima ya Drakensberg na Bahari ya Hindi, falme ndogondogo zilikuwa zinagombania malisho, mifugo na njia za biashara. Mbili zikawa kubwa kuliko nyingine: Wandwandwe wa mfalme Zwide, na Wazulu wa Shaka. Karibu na mwaka 1819 Shaka aliwashinda Wandwandwe karibu na mto Mhlatuze. Viongozi wa vita waliokuwa chini ya Zwide walitawanyika. Soshangane alikwenda Msumbiji na kujenga dola la Gaza. Mwingine aliitwa Zwangendaba, wa ukoo wa Jele.

Zwangendaba aliondoka kwao akiwa ameshindwa. Hilo tunalisisitiza, kwa sababu masimulizi ya huku hupenda kumweka kama mtu aliyezaliwa mshindi. Alikuwa kama Wagothi wa kwenye Danube: mkimbizi mwenye silaha. Alikaa kwa muda kusini mwa Msumbiji, karibu na ghuba ambayo leo ina jiji la Maputo. Mwaka 1831 hivi aligombana na Soshangane, akasukumwa tena. Akaingia nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na huko vikosi vya Wangoni viliuvuruga utawala wa Warozvi uliokuwa umedumu kwa zaidi ya karne moja.

Kisha akavuka mto Zambezi. Hii ni moja ya tarehe chache za safari yake zinazotajwa kwa siku kamili: tarehe 20 Novemba 1835. Inajulikana kwa sababu masimulizi ya Wangoni wenyewe yanasema jua lilipatwa siku ya kuvuka, na wataalamu wa nyota wamehesabu kwamba siku hiyo kweli jua lilipatwa katika eneo hilo. Wazee wasiojua kalenda ya Kizungu waliitunza tarehe kwa njia yao, na imekubalika vyuoni.

Kutoka Zambezi walipanda kaskazini, magharibi ya Ziwa Nyasa, wakipigana na kukaa, wakivuna na kuhama, hadi wakafika Ufipa, kwenye nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,600 kwa muda wa miaka ishirini na kitu. Aliyeondoka kwao akiwa kijana alifika Ufipa akiwa na wajukuu.

Jeshi linalokua kadiri linavyotembea

Hapa ndipo penye swali gumu la mwanafunzi wetu: wanawezaje watu wachache kuteka wengi? Watu wengi hujibu haraka kwamba walikuwa wakali. Ukali peke yake hautoshi. Jeshi linalotembea miaka ishirini hupoteza watu kwa vita, njaa, homa na uzee. Kwa hesabu ya kawaida, walipofika Ufipa walipaswa kuwa wamebaki wachache kuliko walivyoanza. Walikuwa wengi zaidi.

Siri ilikuwa mateka. Wangoni waliposhinda kijiji hawakuwaua watu wote wala hawakuwauza wote. Vijana wa kiume waliingizwa kwenye vikosi vya rika, yaani wanaume wa umri mmoja kutoka koo mbalimbali wakikaa pamoja, wakila pamoja na kupigana pamoja chini ya nduna mmoja. Wasichana waliolewa. Kila mateka aligawiwa kwenye nyumba fulani, akapewa watu wa kuwaita baba na mama, akatobolewa masikio kwa alama ya Kingoni, na baada ya miaka michache alikuwa anashika ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu kama mwenzake aliyezaliwa kusini. Akionyesha ushujaa alipata ng'ombe, wake, hata watu wa chini yake. Kwa hiyo katika jeshi lililoingia Ufipa walikuwamo Wathonga wa Msumbiji, Wakaranga wa Zimbabwe, Wansenga na Watumbuka. Wale wa asili, waliotoka na Zwangendaba, walikuwa sehemu ndogo.

Wahunni nao walifanya hivyo kwa namna yao. Jeshi la Attila lililoingia Gaul lilikuwa limejaa Wagothi, Wagepidi na mataifa mengine yaliyotekwa kabla. Tofauti ni kwamba Attila aliyaacha mataifa hayo yakiwa na wafalme wao, na ndiyo maana alipokufa yalisimama na kumgeuka mwanawe. Wangoni waliyavunja makabila waliyoyateka hadi kwenye familia, wakayafinyanga upya. Kwa upande wa ujenzi wa taifa njia yao ilikuwa imara zaidi. Kwa mama wa Kifipa aliyeporwa mtoto wa miaka kumi, tofauti hiyo haikuwa faraja, na hatutaki kuandika kana kwamba ilikuwa.

Silaha nazo zilichangia. Vita vya vijiji vingi vya wakati ule vilipiganwa kwa mishale na mikuki ya kurusha, watu wakisimama mbali mbali, na mara nyingi vilikwisha baada ya watu wachache kuumia. Wangoni walikuja mbio na ngao zao hadi mwili kwa mwili. Kijiji ambacho hakijawahi kuona vita ya namna hiyo kiliweza kuanguka asubuhi moja.

Kwa nini Ufipa, na kwa nini hawakukaa Katavi

Tumewahi kuulizwa hili na wasikilizaji wa Mpanda: kama Watuta walikuwa na nguvu hivyo, mbona hawakuweka dola lao huku?

Sisi tunaona jibu liko kwenye nyasi na mbung'o. Farasi wa Mhunni anahitaji mbuga, na Attila aliweka makao yake kwenye tambarare ya Hungaria kwa sababu hapo farasi wengi waliweza kulishwa. Ng'ombe wa Mngoni naye anahitaji nyasi, na hawezi kuishi palipo na mbung'o. Nchi ya juu ya Ufipa ni wazi, ina baridi, ina malisho, haina mbung'o. Ukishuka kuja huku, kuanzia maeneo ya hifadhi ya Katavi hadi Ukonongo na Ubende, unaingia kwenye msitu wa miombo, na msitu wa miombo ni nyumba ya mbung'o. Ng'ombe wengi tunaowaona leo Katavi wameingia miongo ya karibuni, pamoja na wafugaji kutoka Usukuma, na wamekuja na dawa. Mngoni wa miaka ya 1840 hakuwa na sindano. Kwake Katavi ilikuwa nchi ya kupitia haraka, akichukua chakula na watu, akitafuta mahali pengine pa kulisha.

Ufipa walikaa. Zwangendaba aliweka makao mahali palipoitwa Mapupo, neno ambalo kwa lugha za Kinguni ni ndoto. Falme za Wafipa, Nkansi na Lyangalile, zilielemewa kwa miaka hiyo. Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma, wenye tanuru ndefu za udongo zilizopita urefu wa mtu, na inaeleweka kwa nini jeshi la mikuki lilipenda kukaa jirani na wahunzi.

Hapo Mapupo, katika miaka ya 1840, wengi wakitaja mwaka 1848, Zwangendaba alifariki.

Mirathi

Kilichofuata kinafanana na kile cha Wahunni kwa namna inayoshangaza. Watoto wa Zwangendaba walikuwa bado wadogo, nyumba za wake zake hazikukubaliana nani mrithi, na ndugu yake Ntabeni alishika uongozi kwa muda. Ntabeni alipokufa ugomvi ukawa wazi. Taifa lililotembea pamoja kwa miaka ishirini likagawanyika.

Mpezeni aliwachukua watu wake kusini magharibi, wakaishia mashariki mwa Zambia, upande wa Chipata. Mombera, anayeandikwa pia M'mbelwa, alirudi kusini akakaa kaskazini mwa Malawi, upande wa Mzimba. Kundi la Zulu Gama lilizunguka likaingia nchi ya Songea. Huko walikuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuwa wamepita mashariki ya Ziwa Nyasa kwa njia yao wenyewe. Mwanzoni walikaa nao, kisha wakapigana, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa kurudi kusini hadi Ntcheu, Malawi. Wangoni wa Ruvuma tunaowajua leo ni matokeo ya hapo.

Na kundi moja likaelekea kaskazini. Hao ndio Watuta.

Watuta kandokando ya ziwa

Njia yao ilipita mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ukiwa Sibwesa leo na kutazama upande wa ziwa, halafu ukageuka kutazama kaskazini kuelekea Kigoma, unatazama nchi waliyopitia. Ilikuwa nchi ya Wabende na Watongwe, vijiji vidogo vilivyotawanyika, kila mtemi na milima yake, bila mfalme mmoja wa kuwakusanya watu kwa vita. Kwa jeshi la namna ile nchi kama hiyo haina pa kushikilia. Hakuna mji mkuu wa kuteka, lakini pia hakuna wa kukuzuia.

Walifika hadi Ujiji. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipofika hapo Februari 1858, walikuta habari za Watuta zikiwa mbichi: walikuwa wameushambulia mji na wakarudishwa nyuma kwa bunduki za wafanyabiashara Waarabu. Mkuki mfupi uliotoka Natal ulikuwa umekutana na gobole lililotoka pwani. Tunaliona shambulio hilo la Ujiji kuwa muhimu kuliko linavyopewa nafasi vitabuni, maana lilionyesha kwamba enzi ya kuteka kwa ngao na mbio ilikuwa inafika mwisho.

Kutoka hapo Watuta walipita Uvinza na pembezoni mwa Uha, wakaingia Unyamwezi na Usumbwa, wakafika hadi Uzinza karibu na Ziwa Victoria. Wakapata walichokuwa wanakitafuta, nchi ya nyasi, wakakaa Runzewe, kaskazini mwa Kahama. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi aliitwa Mpangalala.

Mwanafunzi wa Runzewe

Huyu hakuwa mwanafunzi wa darasani. Ni Mirambo, aliyezaliwa karibu na mwaka 1840, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi ya Tabora. Aliwatazama Watuta wanavyopanga vijana kwa rika, wanavyomfanya mateka kuwa askari, wanavyokwenda haraka bila mizigo. Akachukua mpango huo, akauongezea bunduki alizonunua kwa pembe za ndovu. Vijana wake waliitwa rugaruga. Wengi hawakuwa na wazazi wala mashamba. Vita ndivyo vilivyowaharibia nyumba, na vita ndivyo vilivyowapa kazi. Akafanya urafiki na Watuta wenyewe wakawa washirika wake.

Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, na vita hivyo viliendelea hadi 1875. Jambo moja dogo la vita hivyo linatuhusu moja kwa moja. Njia ya kawaida ya msafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilifungwa. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa anamtafuta Daktari Livingstone, alikwama Tabora. Septemba 1871 aliamua kuzunguka kusini, akapita Ukonongo, nchi ambayo leo iko Mkoa wa Katavi, ndipo akapanda kaskazini hadi Ujiji na kumkuta Livingstone mwezi Novemba. Mwanzoni mwa 1872 wote wawili walirudi Tabora wakipita tena huku kwetu. Wasomaji wa Marekani na Ulaya walisoma habari za vijiji vya Ukonongo na maboma yake kwa sababu tu Mirambo alikuwa amefunga barabara.

Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo mwenyewe, wakachanjiana damu. Alitegemea kumwona jambazi, akakuta mtu mpole wa sauti ya chini. Akamfananisha na Napoleon Bonaparte.

Lakini tusisahau upande wa waliopokea vita. Mwaka 1879 Wabelgiji walifungua kituo Karema, kandokando ya ziwa, na mwaka huo huo mfalme wao Leopold aliletewa pwani tembo wanne kutoka India, kujaribu kama wanyama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. (Tembo hao walikufa mmoja baada ya mwingine, na wazo likafa nao.) Kiongozi wa msafara wa tembo, Mwingereza Carter, alikuwa anarudi kutoka Karema mwaka 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead. Walikuwa Mpimbwe wakati vikosi vya Mirambo na washirika wake vilipokishambulia kijiji, nao wakauawa. Waingereza waliokuwa wanamtazama Mirambo kama rafiki wa biashara waliachana naye. Vitabu vinawataja Wazungu wawili kwa majina na tarehe. Wapimbwe waliokufa asubuhi hiyo hiyo hakuna aliyewaandika.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Kwa mara ya tatu katika makala hii tunaandika jambo lile lile: mwenye nguvu amekufa, na warithi wake hawakuweza kuishika himaya.

Nchi baada ya vita

Ukisoma wasafiri wa miaka ya 1870 utaona wanaeleza vijiji vilivyozungushiwa boma la miti mikubwa iliyosimikwa ardhini, milango midogo ya kuinama, uzio wa minyaa, na mashamba yaliyo karibu na boma tu kwa sababu ya hofu ya kutekwa ukiwa unalima mbali. Watu waliokuwa wametawanyika walijibana pamoja. Mashamba ya mbali yakaachwa, na shamba likiachwa huku kwetu miaka mitano linakuwa kichaka, na kichaka kinaleta mbung'o.

Hatusemi kwamba Watuta ndio waliotengeneza mapori yote ya Katavi. Zilikuwepo pia biashara ya watumwa, ndui, na ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe kote Afrika Mashariki miaka ya 1890. Halafu malale yakaenea, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vya porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Kila tukio liliongeza pori juu ya pori. Lakini mtu anapokuambia kwamba msitu fulani haujawahi kukaliwa, na ndani yake kuna mstari wa minyaa, vigae vya vyungu na mawe ya kusagia, una sababu ya kumuuliza zaidi. Kwenye mkoa ambao kila mwaka watu, mifugo na hifadhi vinagombania mipaka, nani alikaa wapi si habari ya kale tu.

Ya Wangoni wenyewe yaliishaje? Wajerumani walipofika Unyamwezi mwaka 1890 walipigana na Watuta, na nguvu yao ikavunjika miaka hiyo ya mwanzo ya utawala. Mpezeni alishindwa na Waingereza mwaka 1898. Songea, Wajerumani waliweka boma mwaka 1897, na Wangoni wakaingia Vita vya Majimaji mwaka 1905. Tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji wengi walinyongwa mjini Songea, na siku hiyo bado inaadhimishwa kwenye makumbusho ya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, naye alinyongwa.

Lugha ilikwenda kabla ya yote. Kingoni kinachosemwa Ruvuma leo hakifanani na Kizulu. Kimekaa karibu na lugha za majirani wa kusini mwa Tanzania, kwa sababu akina mama waliolea watoto walikuwa wa huko. Mateka hawakushinda vita hata moja, lakini lugha yao ndiyo iliyobaki nyumbani. Na Mhehe na Mngoni, ambao babu zao walipigana vikali kuanzia mwaka 1878, leo wanataniana misibani.

Upande wa Kahama, kizazi cha Watuta kimeoana na Wasumbwa na Wanyamwezi, na ziko familia zinazojitambua kuwa ni Wangoni ingawa Kinyamwezi ndicho wanachoota nacho ndoto. Huku Mpanda, Tanganyika na Mlele hatujakutana na anayejiita Mtuta, ila tunaamini bado wapo wenye habari: mahali watu walipojificha, pango, kisiwa cha matete, kilima kilichopewa jina la vita, au sababu ya kijiji cha zamani kuhamishwa upande wa pili wa mto. Mwenye babu au bibi anayeijua habari kama hiyo amrekodi kwa simu, dakika tano zinatosha, aseme jina la mahali na amesikia kwa nani, atutumie kwa WhatsApp kwa namba ile ile ya salamu. Tutazisikiliza zote kabla ya kurudi kwenye mada hii hewani.